Kabla ya Sindano na Kisu

 



Leo nataka tuzungumze juu ya magoti, migongo na mabega. Najua yupo atakayemnong'oneza mwenzake kwamba ustadhi kaishiwa, msikiti kaugeuza zahanati. Na asikilize basi, imamu anapotoa takbira ya kuinuka kutoka sijida, safu zetu zinatoa sauti gani. Huyu anaguna, yule anavuta pumzi kwa meno, mwingine kashika goti kwa mikono miwili ndipo asimame. Maumivu yamo humu humu ndani. Na mwenye maumivu ana maamuzi ya kufanya kila siku: ameze nini, amwendee nani, auze nini apate pesa ya matibabu. Maamuzi hayo tutaulizwa. Mwili si mali yetu, ni amana, na Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga mchana kutwa na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake nao una haki juu yake.

Mtu wetu akiumwa goti anaanzia duka la dawa. Anapewa diklofenaki, vidonge kumi ndani ya kibahasha cha karatasi, na akibembeleza kidogo anaingizwa nyuma ya pazia akapigwa sindano ya tako. Anapata nafuu ya siku mbili tatu, anarudi tena. Miezi ikienda hivyo tumbo linaanza kuwaka, na figo, ambazo hazina kelele, zinaumia bila mwenyewe kujua. Goti likizidi anapelekwa kwa daktari mkubwa, anachomwa sindano ya steroidi ndani ya goti lenyewe. Mwisho anatajiwa upasuaji. Hapo ndipo tunapoletewa habari sisi tumsomee dua, na daftari la mchango linaanza kuzunguka. Katika safari yote hiyo kuna mlango mmoja ameupita. Hospitali za rufaa zinao, na za mkoa nyingi pia, na mara nyingi uko mwisho kabisa wa korido. Umeandikwa Fiziotherapia, au Tiba ya Viungo. Watu wanaupita wakidhani ni wa waliopigwa na kiharusi na watoto wa mguu kifundo.

Kwa nini ninasema mlango huo ndio wa kubisha mwanzo? Tuanze na mafundisho ya Mtume wetu. Kwamba alituamuru tujitibu, na kwamba kila ugonjwa umeshushiwa tiba yake isipokuwa uzee, hilo mmelisikia mara nyingi. Kuna hadithi nyingine, ya Ibn Abbas, imo katika Bukhari, ambayo hatuikalii vya kutosha. Ndani yake Mtume (s.a.w.) alitaja tiba tatu: asali, hijama, na kuchoma kwa moto. Na papo hapo akaukataza umma wake kuchoma.

Hebu tulikalie jambo hilo. Kuchoma kwa chuma cha moto ndiyo iliyokuwa tiba kali kuliko zote siku zile. Ameitaja miongoni mwa tiba, kisha akaizuia. Na huyo huyo, Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaki, mshipa wa mkono ukawa unavuja damu, alimchoma kwa mkono wake mwenyewe mtukufu. Ubayy bin Kaab alipougua, alimpelekea tabibu aliyemkata mshipa kisha akamchoma. Zote hizo zimo katika Muslim. Wanachuoni walipoziweka pamoja hawakuona mgongano. Waliona mpangilio: tiba kali ipo na ina siku yake, lakini haitangulii. Damu ya Saad ilikuwa inamwagika, hakukuwa na nafasi ya kujaribu asali. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameliweka wazi zaidi. Anaeleza kwamba inapowezekana kutibu kwa chakula dawa haiendewi, na inapotosha dawa nyepesi haiendewi iliyochanganywa. Basi mtu ambaye goti lake halivuji damu, halijavunjika, halina usaha, linauma tu tangu Mfungo Sita, haraka ya kukimbilia kisu ameitoa wapi?

Njooni sasa kwenye zama zetu, maana hili si la vitabu vya zamani peke yake.

Mwaka 2002 huko Houston, Marekani, madaktari wakiongozwa na Bruce Moseley walitoa matokeo ya utafiti ambao kila mwenye goti bovu angefaa kuujua. Walichukua watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Wa kundi la kwanza waliingizwa kamera gotini wakaoshwa ndani. Wa pili walikwanguliwa gegedu lililochakaa. Wa tatu walichanjwa ngozi tu, matundu madogo matatu, maji yakachezwachezwa ili sauti ya upasuaji isikike, wakashonwa, ndani ya goti hapakuguswa. Wote walikuwa wameridhia tangu mwanzo kwamba huenda wakaangukia kundi hilo. Walifuatiliwa miaka 2. Waliopasuliwa kweli hawakuwashinda waliochanjwa ngozi, si kwa maumivu wala kwa kutembea. Mwaka 2013 Wafini wakafanya mfano wake kwa watu 146 ambao kile kigegedu cha kati ya goti kilikuwa kimechanika, wakapima baada ya mwaka mzima: tofauti hakuna.

Sindano nayo imepimwa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya watu 140 huko Marekani. Nusu walichomwa steroidi gotini kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Maumivu yalikuwa sawa sawa, ila waliochomwa steroidi gegedu lao lilipungua zaidi. Kisha mwaka 2020, katika hospitali za jeshi la Marekani, watu 156 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa, hawa sindano, hawa fiziotherapia. Ulipotimia mwaka, waliokwenda kwenye mazoezi walikuwa na maumivu kidogo na wanafanya shughuli zao vizuri kuwapita wenzao.

Sisemi sindano ni haramu, wala sisemi haina kazi. Dawa hii ya jamii ya kotisoni iliwainua vitandani watu wenye baridi yabisi waliokuwa hawajiwezi, na waliohusika nayo walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950. Goti lililovimba mpaka halikunjiki, sindano inaweza kulituliza wiki kadhaa, na ndani ya wiki hizo mtu akapata nguvu ya kuanza mazoezi. Hapo imefanya kazi ya maana. Ubaya ni kuifanya ndiyo mwanzo, ndiyo kati na ndiyo mwisho.

Mgongo ndio balaa zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na mwishoni mwa 2023 likatoa mwongozo wa kuyatibu yale yanayodumu. Limependekeza mazoezi, kuchuliwa, na kumwelimisha mgonjwa. Limeshauri watu wasipewe kwa kawaida mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa uzito, wala dawa za jamii ya afyuni. Mikanda, mmesikia? Ile inayouzwa barabarani, ambayo baadhi yenu mmeivaa hivi sasa chini ya kanzu.

Na msitishwe na picha. Mtu anatoka kwenye kipimo cha MRI na bahasha kubwa, ameambiwa diski imetokeza, na jioni hiyo hiyo anatafuta dalali wa kiwanja. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliwapiga picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata kidogo. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyovimba nje ya mahali pake, na wenye diski salama zote walikuwa asilimia 36 tu. Tungepigwa picha sote tuliomo humu, sijui kama mafundi na wapagazi wangemaliza hata safu moja ya migongo mizima. Mgongo unaota mvi kama kichwa, na mvi haziumi. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Inataka mikono inayopima, na masikio yanayosikiliza maumivu yanashukia wapi na yanatulia ukikaa vipi.

Kuna kisa cha Robin McKenzie, mtaalamu wa viungo wa New Zealand, kilichotokea mwaka 1956 mjini Wellington. Mgonjwa wake aliingia chumbani akalala kifudifudi juu ya kitanda ambacho upande wa kichwa ulikuwa umeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. McKenzie alikuwa na shughuli, aliporudi akashtuka: mgongo wa mtu umepinda kwa nyuma, namna ambayo siku zile ilidhaniwa ni hatari. Mgonjwa akamwambia hajapata nafuu namna ile kwa wiki kadhaa. Kutokana na hapo McKenzie akajenga njia nzima ya kutibu migongo, inayotumika mpaka leo. Lakini jamani, msitoke hapa mkaenda kulala kifudifudi wote. Ipo migongo inayotulia hivyo na ipo inayozidi kuuma, na kazi ya mtaalamu ni kujua wako ni upi. Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, kulala usingizi kwa tumbo kumekuja kukemewa. Kulala dakika tano kwa tiba si usingizi.

Sasa mlango huo wa mwisho wa korido, ndani kuna nini? Nilimsindikiza mama mmoja wa mtaani kwetu, goti lilikuwa limemtesa mpaka ngazi anapanda kwa matako. Alitegemea mashine. Akakuta kitanda, kioo kirefu ukutani, viti vya plastiki, na binti mdogo aliyejifunga mtandio vizuri. Binti hakuligusa goti. Alimwambia, "Mama, inuka kutoka kwenye kiti bila kushika kitu." Mama akajitupa mbele mara mbili, akashindwa, mara ya tatu akavuta meza. Binti anaandika. Akamtembeza mbele ya kioo, akampima nyonga, akampima kifundo cha mguu, akauliza nyumbani choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa. Ndipo akakunja taulo, akaliweka chini ya goti, mama kanyoosha mguu kitandani: "Libonyeze taulo kwa nyuma ya goti, hesabu mpaka tano, achia." Nyama ya paja ikawa inacheza. Mama akamtazama. "Ni hili tu, mwanangu? Dawa iko wapi?"

Swali hilo ndilo ninalotaka tuzame nalo kidogo.

Dawa ilikuwa ni ile ile nyama ya paja. Watu husema ute wa magoti umekwisha, wakadhani hauzalishwi tena, basi wanakaa kitako wasiumalize uliobaki. Ndivyo sivyo. Gegedu halina mishipa ya damu ya kulilisha. Linalishwa na ute wa kiungo, na ute huo unaingia na kutoka pale kiungo kinapoelemewa na kuachiwa, kinapokunjwa na kukunjuliwa. Anayelitunza goti kwa kutolitumia analinyima chakula. Na paja likilegea, mzigo wote unaangukia kwenye kiungo. Mzigo wenyewe si mdogo: imepimwa kwamba mtu mnene akipungua kilo 1 ya uzito wake, goti linapunguziwa kama kilo 4 katika kila hatua. Nadhani biriani ya Ijumaa ya leo tumeshaihesabia, tuendelee.

Mama yule alipewa kazi ya nyumbani. Taulo asubuhi na jioni. Kusimama na kukaa kwenye kiti kilichowekewa mito miwili, na akizoea unatolewa mto mmoja, kisha wa pili. Aliambiwa kuuma kidogo wakati wa zoezi hakuna neno, maadamu kunatulia kesho yake. Akiamka nako, apunguze. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba hospitali imemla nauli. Wiki zilivyokwenda aliacha kuvuta meza. Leo bado goti linalia akikaa sana, sitawadanganya, lakini ngazi anapanda kwa miguu na sijida ameirudia chini.

Tunapenda tiba inayofanywa na mwingine. Sindano unapewa, kisu unapigwa, wewe kazi yako ni kulala. Zoezi hupewi. Unalifanya mwenyewe, nyumbani, hakuna anayekuona, na leo hulioni faida yake. Kwa hiyo nafsi inalidharau, inasema hiyo si dawa. Sasa tazameni namna Mwenyezi Mungu alivyowatendea waja wake wawili waliokuwa kwenye maumivu makali. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua muda mrefu mpaka akawa mfano wa subira. Alipolia kwa Mola wake, ponyo lake lilikuwa maji baridi ya kuoga na kunywa. Maji hayo Mwenyezi Mungu angeweza kuyashusha mawinguni. Alimwamuru Ayyub aipige ardhi kwa mguu wake. Mguu wa mgonjwa! Na Bibi Maryamu, uchungu wa uzazi umemshika, yuko peke yake, kaegemea shina la mtende. Aliyemjaalia mimba bila mume hakushindwa kumdondoshea tende mapajani. Akaamriwa alitikise shina alivute upande wake. Ni nani mzima mwenye misuli yake anayeweza kuutikisa mtende, sembuse mzazi? Tende hazikuangushwa na nguvu zake, na maji hayakutoka kwa teke la mgonjwa. Ponyo lilitoka kwa Mola, lakini mkono na mguu wa mwenye maumivu ulitakiwa usogee kwanza.

Subira ya Ayyub tunaihubiri kila tunapokwenda kumjulia mtu hali. Huo mguu wake tunausahau.

Na hapa niseme jambo, wengine mtalikataa. Siyapendi mawaidha yanayosema sala ni mazoezi, rukuu inanyoosha uti wa mgongo, sijida inapeleka damu kichwani. Sala ni ibada. Tungeamriwa tusimame tuli kama nguzo tungesimama. Mtu anayesali kwa ajili ya misuli amekosa sala na misuli hakuipata. Lakini ni kweli pia kwamba sala inaudai mwili: kusimama ni nguzo, rukuu ni nguzo, sijida ni nguzo, na mwili usiotunzwa siku moja utashindwa kuzitimiza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba binadamu ameumbwa na viungo 360, na kila kimoja kina sadaka yake. Basi kitoleeni na ulinzi wake.

Wale wa viti, ukutani kule, msinitazame vibaya. Ruhusa yenu ni ya haki. Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala, akaambiwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Mtume mwenyewe alianguka kutoka juu ya farasi, ubavu wake wa kulia ukachubuka, akasalisha akiwa amekaa. Alipopona alisimama. Sisi mtu akishakaa kwenye kiti ni nikahi, hakuna talaka. Anakuja kwa miguu kutoka sokoni, mfuko wa viazi begani, akifika anakaa kwenye kiti tangu takbira ya kwanza mpaka salamu. Ndugu yangu, unachokiweza hakikuondokei kwa sababu ya usichokiweza. Unaweza kusimama lakini huwezi kusujudu? Simama pa kusimama, kaa pa kusujudia. Na ukijaaliwa nguvu, hata katikati ya sala, unasimama.

Na katika kuinuka, sisi Mashafii tuna sunna nzuri ambayo vijana wanaiona ni ya wazee. Malik bin al-Huwayrith alieleza namna Mtume (s.a.w.) alivyokaa kidogo baada ya sijida ya pili kisha akainuka kwa kuegemea ardhi. Kaa kikao hicho cha istiraha, vuta pumzi, tandika viganja viwili chini, uinuke. Usione haya. Wataalamu wa viungo nao humfundisha mwenye goti bovu kuugawa mzigo kwa mikono.

Kuhusu kudumu na mazoezi, wengi wanashindwa hapo. Wanakwenda kliniki mara mbili, wanapewa karatasi yenye vikatuni, karatasi inafungiwa maandazi. Na sisi ndio umma uliofundishwa kwamba amali inayopendwa zaidi ni ile ya kudumu ijapokuwa kidogo. Yafungeni mazoezi kwenye jambo mnalolifanya hata mkichoka. Tuna sala tano. Kabla ya kwenda kutawadha, simama na ukae kwenye kiti mara kumi. Kwa siku hiyo ni hamsini na hukutafuta muda wowote. Wenye mabega yaliyoganda, mkono upandishwe ukutani kwa vidole, taratibu, kila baada ya sala. Wanawake wanaganda mabega kwa wingi, na wenye kisukari ndio zaidi. Msingoje mpaka hata kufunga kanga kunashindikana.

Dada zangu wananiuliza juu ya kuguswa. Mtafuteni mwanamke kwanza, wapo siku hizi, na vyuo vinawatoa kila mwaka. Asipopatikana na haja ipo kweli, sharia imefungua mlango kwa kadiri ya haja: ende na maharimu wake au mwanamke mwingine, lifunuliwe lile linalotibiwa tu. Udhu atautia upya. Mume anayemzuia mke wake asiende kwa sababu hiyo, huku anamwacha abebe ndoo ya maji na mgongo umempinda, ajue ana kesi.

Sasa msikilize sana, maana hapa nisipotahadharisha nitakuwa nimewadhuru. Yapo maumivu yasiyongoja mazoezi. Mgongo unaouma pamoja na mkojo kukwama au kutoka wenyewe, au ganzi baina ya mapaja pale unapokalia, au mguu unaozidi kuishiwa nguvu: huyo anapelekwa hospitali usiku huo huo, hangoji Jumatatu. Mgongo pamoja na homa, kutoka jasho usiku na kukonda: hiyo yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kipo kwetu, na dawa zake zipo. Aliyewahi kuugua saratani akaanza kuumwa mfupa. Aliyeanguka mnazini. Mtoto mwenye selimundu anayechechemea nyonga. Goti jekundu lenye moto. Hao wote kwa daktari kwanza, na kukandwa kwa nguvu na mchuaji wa mtaani ni hatari kwao. Sina vita na wachuaji, mafuta ya nazi yenye joto na mkono mzuri ni neema, lakini asiyejua kutofautisha asiguse uti wa mgongo wa mtu.

Na lipo goti ambalo limefika mwisho. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark waliwachukua watu 100 waliostahili kuwekewa goti la bandia. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi, nusu mazoezi na matunzo peke yake. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, haki isemwe, ijapokuwa na madhara makubwa yalikuwa kwao zaidi. Katika wale wasiopasuliwa, 13 kati ya 50 ndio walioomba kisu kabla ya mwaka kwisha. Waliobaki waliona wanaweza kuishi na magoti yao. Kwa hiyo atakayeambiwa na daktari wake, baada ya kujaribu kwa dhati, kwamba sasa ni upasuaji, atie saini kwa bismillahi, asijione amepungukiwa na tawakkul. Saad alichomwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ila akijua mtu wa kwanza kumwamsha kitandani baada ya kupasuliwa, akilia akitukana, atakuwa ni yule yule wa mwisho wa korido.

Nimalizie na la pesa. Daftari la mchango wa upasuaji likizunguka hapa linajaa, alhamdulillah. Lakini mgonjwa anayetakiwa ende fiziotherapia mara mbili kwa wiki, mwezi na nusu, anaachia njiani kwa kukosa nauli ya daladala, na hakuna anayemchangia kwa sababu nauli haitishi. Kisha mwakani tunamchangia upasuaji. Nimezungumza na kamati, wamekubali sehemu ya sanduku la Ijumaa itengwe kwa nauli hizo na ada ya kliniki kwa asiye na bima. Anayehitaji amwone katibu baada ya sala, yuko mlango wa udhu, aje na karatasi ya hospitali. Kina mama wamwone mke wa imamu. Hakuna jina litakalosomwa kwenye kipaza sauti.

Muadhini, karibu.